Msumari Kwenye Kaburi la Mnara

Sehemu ya tisa

Mkono ule haukuwa wa mzungu.

Msomaji, kama juma zima umekuwa ukibashiri ni Mtaliano gani, umebashiri bure. Kahonzi naye alibashiri bure. Mkono aliokuwa ameukamata kwa nyuma, pale kwenye kaburi la mnara, saa moja na nusu asubuhi, kabla lango la magofu ya Mtondoni halijafunguliwa, ulikuwa mkono mweusi wenye kovu la kisu cha mgema kwenye kidole gumba. Jeraha lile alilifunga yeye mwenyewe kwa upande wa leso yake, mwaka wa kwanza wa ndoa.

"Lewa?"

"Niachie, Mamake Easter. Wanivunja."

Hakumwachia. Msumari wa inchi sita ulidondoka kwenye majani.

Majuma matatu Kahonzi, mlinzi wa magofu hayo, alikuwa akimwinda anayechora majina ya watalii kwenye mawe ya miaka mia sita. MARCO alitokea kwenye kibla cha msikiti mkongwe. SANDRA akatokea kwenye mdomo wa kisima. Kila asubuhi Kahonzi aliwafuata Wataliano nyuma nyuma kama kuku aliyepoteza kifaranga, akiwatazama mikono. Jioni akirudi nyumbani alimpakulia mumewe sima na kumwambia, "Leo tena sikumpata." Lewa, ambaye kazi yake ni kuwatembeza wageni wa mahoteli, alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Hawa wazungu," alikuwa akisema huku akimega tonge, "hawana adabu."

"Hawa wazungu hawana adabu," Kahonzi alimkumbusha sasa. "Si ndivyo?"

"Nisikize kwanza."

"Wote wale ni wewe?"

"Wao ndio watakao! Mimi nawachongea tu. Mzungu akishika msumari mwenyewe atauharibu ukuta."

Kahonzi alimtazama aone kama anatania. Hakuwa anatania.

"Lewa, hili ni kaburi la mtu."

"Mbona mabaharia wa kale walichora merikebu zao ukutani humo msikitini, na wewe wawapeleka wageni ukawaonyeshe kwa kidole? Wale ni historia, mimi ni mhalifu? Ningoje miaka mia tano, nami nitakuwa historia."

"Bwana Twahir hangoji miaka mia tano. Yuko hapa saa nne."

Saa nne hiyo Lewa aliijua vizuri. Ilikuwa imehesabiwa nyumbani mwao tangu mwezi uliopita. Bwana Twahir, msimamizi wa magofu, alikuwa anakuja na barua ya Kahonzi. Hatakuwa mlinzi wa kibarua tena. Atakuwa mtembeza wageni, mwajiriwa, mwenye cheo na sare. Miaka miwili alikuwa ameisaka barua hiyo katika masomo ya jioni mjini Malindi, mkono mmoja umeshika kalamu, mkono wa pili wampapasa Easter mgongo ili asilie darasani. Na Bwana Twahir alikuwa amesema wazi: jina moja jingine likitokea kwenye mawe yale, barua hakuna, na kazi pia hakuna. Hapo Kahonzi angerudi alikotoka, kwenye mashamba ya chumvi ya Marereni, ambako nyayo zake zilipasuka mpaka akawa anatembea kwa ubavu wa miguu. Easter alikuwa na miaka mitatu. Kahonzi alikuwa ameapa kwamba mtoto yule hatakanyaga chumvi.

Ndipo macho yake yalipopanda ukutani, akasoma.

LEWA. Chini yake, CARLA. Katikati, moyo umetobolewa na mshale.

"Huyu Carla naye amekulipa?"

Lewa aliuchomoa mkono wake.

"Nakuuliza. Jina la mteja nimeliona. Hili lako lilikuja kutafuta nini hapo juu yake?"

Jibu halikutoka kwa Lewa. Lilitoka upande wa kisima, limevaa kofia pana ya ukili na miwani ya jua, limefungua mikono.

"Jambo! Jambo! Wewe dada ya Lewa!"

Mwanamke wa makamo, mabega yameungua na jua, alimkumbatia Kahonzi akambusu shavu la kulia, kisha la kushoto. Alinukia mafuta ya nazi.

"Lewa sema mingi sana ya wewe. Dada kali! Dada nzuri!"

Kahonzi alimtazama Lewa. Lewa aliutazama msumari.

"Mimi nafurahi sana," Carla aliendelea, mkono kifuani. "Lewa ameeleza desturi yenu. Mchumba bado si mchumba mpaka jina yake iandikwe hapa, kwa babu. Jana mimi nimelia."

Babu! Kaburi lile ni la shehe wa Kiswahili. Babu yake Lewa, Mgiriama wa watu, amelala Marafa, na njia ya kwenda huko Lewa ameshaisahau. Mwanamke wa watu alikuwa ameuziwa desturi kama anavyouziwa kikapu, tena kaishika kwa mikono miwili kwa heshima.

Najua, msomaji, unapiga kelele hapo ulipo: mwambie! Mwambie huyu ni mume wangu! Mdomo wa Kahonzi ulikuwa umeshafunguka. Lakini Lewa alimwinamia sikioni kama kaka anayeagana na dada yake.

"Lango nimelifungua kwa ufunguo wako. Ulikuwa chini ya mto. Ukinitaja, umejitaja."

"Wewe..."

"Hii ni kazi tu, Mamake Easter. Miezi mitatu, mama huyu arudi kwao. Mimi nikifungwa, mtoto atamwita nani baba? Yafute. Nakuomba kwa jina la mtoto."

Akamshika Carla mkono, wakatoka. Pikipiki iliguruma nje ya lango. Kahonzi alibaki peke yake na mnara, na moyo uliotobolewa mshale.

Ayafute kwa kitu gani? Maandishi ya msumari hayafutiki kwa maji. Alisugua kwa kanga, akasugua kwa jani la mpapai. Herufi zilizidi kupendeza.

Ndipo akaikumbuka chokaa.

Ndani ya kibanda cha walinzi kulikuwa na makopo mawili ya chokaa. Ya Bi Ruqaiya hayo, mama mmoja wa Shella mjini Malindi, ambaye shehe yule aliyezikwa pale ni mzee wa ukoo wao. Kila mwezi wa Shaaban, kabla Ramadhani haijaandama, Bi Ruqaiya na wanawake wa kwao huja kuliosha kaburi kwa maji ya marashi, kisha kulipaka chokaa chini kuzunguka. Ofisi huwaruhusu kwa sababu ni chokaa ya kuchoma, si rangi ya dukani wala saruji. Na siku yao ilikuwa leo hii.

Kahonzi alikuwa ameitazama kazi ile miaka mitano. Kuishika burashi hakuwahi. Ile ni kazi ya wenyewe.

Alichota chokaa kwa kidole. Alichanganya na vumbi na masizi ya jiko mpaka ikashabihiana na ukuta, akaijaza ndani ya L, ndani ya E, ndani ya W. Alipofika A ya mwisho ya Carla hakujua anaziba jina au anaziba mdomo wake. Akarudi nyuma hatua tano. Ukuta ulikuwa wa kijivu, na herufi ni kijivu. Mtu asiyejua asingeona kitu.

"Asante Mungu," alisema kwa sauti, akaenda kufagia njia. Akafungua lango. Akaufunga upya mtandio wake kwa ajili ya barua.

Lilikuwa kosa la mtu aliyeiona kazi bila kuifanya. Wanawake wa Bi Ruqaiya wote, hata mdogo wao, wangemwambia: chokaa mbichi haina rangi. Rangi yake huitoa jua likishapanda na kuikausha, wala vumbi na masizi kidogo hayaizuii.

Gari la Bwana Twahir liliingia saa nne kasoro dakika tano. Upande wa abiria alishuka Bi Ruqaiya, buibui jeusi, mrashi mkononi.

"Shikamoo, Bi Ruqaiya."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Shikamoo, Bwana Twahir."

Bwana Twahir, ambaye siku zote huitikia kwa maneno mawili matatu na swali la nyumbani, aliitikia kwa kichwa tu. Bahasha ilikuwa kwapani. Kahonzi aliiona, akaona na jina lake limepigwa chapa juu yake, na ile salamu fupi hakuijali.

Walipopinda kona ya msikiti, Bi Ruqaiya ndiye aliyesimama wa kwanza.

"Yaa Rabbi!"

Jua lilikuwa limeupiga mnara uso kwa uso. Ukuta ulikuwa kijivu vile vile. Lakini herufi! Herufi zilikuwa nyeupe kama meno. LEWA CARLA, na moyo wao, vilikuwa vinawaka juu ya kaburi, ungevisoma ukiwa kule langoni.

"Babu yangu amegeuzwa kibao cha duka la soda," Bi Ruqaiya alisema.

Alichoficha Kahonzi kwa vidole vyake kilikuwa kimesimama kinajitangaza.

"Ni nani?" aliuliza Bwana Twahir.

"Sijui, Bwana."

"Chokaa hii imetiwa na nani?"

Aliirudisha mikono nyuma ya mgongo. Akakumbuka haisaidii. Akaileta mbele.

"Mimi. Nimeyakuta asubuhi, nikaona haya, nikasema niyazibe kabla hamjafika."

"Aliyechonga humjui."

"Simjui."

"Na huyu Lewa?"

"Akina Lewa ni wengi, Bwana. Kilifi nzima ni akina Lewa."

Bi Ruqaiya alicheka puani, kicheko kisicho na furaha. Bwana Twahir aliitoa bahasha kwapani, akaitazama, akaikunja mara mbili na kuitia mfukoni.

"Bi Kahonzi, nilitaka uniambie kwa mdomo wako. Mumeo amenipigia simu saa tatu, niko njiani. Alikuwa analia. Amesema ni wewe."

"Ni mimi nini?"

"Ni wewe uliyechonga. Ati wamwonea wivu mgeni wake, ukaandika majina yao umtie aibu. Na yale mengine ya nyuma ni wewe pia, upate kuonekana mlinzi hodari unayewinda wahalifu. Nikasema nisimwamini mtu wa simu, nije nione. Sasa nimeona. Mikono yako, chokaa, na uongo juu."

Uongo wenyewe ulikuwa bado una joto mdomoni. Kahonzi alikuwa ameusema kwa ajili ya Lewa! Saa ile ile alipokuwa anaziba jina la mumewe kwa vidole, mumewe alikuwa analichonga la kwake sikioni mwa msimamizi.

"Ni yeye," Kahonzi alisema. "Nimemshika mkono na msumari. Ufunguo aliuiba chini ya mto wangu."

"Dakika moja iliyopita ulikuwa humjui."

"Nilikuwa namficha, Bwana."

"Na sasa nijuaje kwamba hujifichi?"

Mwenye jibu alikuwa anaingia langoni.

Bwana Twahir alikuwa amemwita Lewa aje na shahidi, na shahidi alikuja anakimbia, kofia mkononi, simu tayari kwa picha, na Lewa nyuma yake.

"Ah! Nyeupe! Nani ametia rangi? Nzuri sana!" Carla alipiga makofi. Kisha akaziona nyuso za watu, makofi yakafia hewani.

"Mama, samahani," Bwana Twahir alimwambia polepole. "Kuchonga hapa ni kosa. Mtu hufungwa. Mimi nataka kujua jambo moja. Nani aliyechonga?"

Carla aligeuka kumtazama Lewa. Na Lewa, kichwa kimeinama, sauti ya upole kama ya mtu anayefariji mfiwa, alimwambia maneno kwa Kitaliano. Maneno mengi, ya haraka. Kahonzi alijua salamu tu za lugha ile, za kupokelea wageni. Bwana Twahir alisoma Kiarabu na Kiingereza. Walisimama wote wawili kama viziwi.

Lakini uso wa Carla haukuhitaji mkalimani. Kwanza ulishangaa. Kisha ukaingiwa na huruma. Kisha ukageuka kumtazama Kahonzi, na humo hamkuwa tena na dada kali wala dada nzuri. Alimtazama kama anavyotazamwa nyoka jikoni.

Akanyoosha kidole.

"Yeye. Mimi naona. Dada yake."

"Carla!" Kahonzi alipiga ukelele. "Wewe ulikuwa hapa! Umenibusu na msumari uko chini ya miguu yako!"

"Yeye," Carla alirudia, akatazama kando.

Bwana Twahir, aliyelichukua lile neno dada kuwa Kiswahili cha wageni tu, alifungua kitabu cha matukio, akatoa kalamu, akampa. "Andika ulichofanya, Bi Kahonzi. Utie sahihi. Kisha twende kituoni."

Kalamu ilikuwa nyepesi. Alikuwa ameshika kalamu nyingi miaka miwili ile, zote zikimtoa kwenye chumvi. Hii ya leo ilikuwa inamrudisha.

"Twahir. Ngoja."

Bi Ruqaiya alikuwa amekwisha kuchutama akilinyunyizia kaburi marashi, kama mtu asiyehusika. Aliinuka taratibu, akijishika kiuno.

"Mimi nimepika kwenye nyumba ya Wataliano miaka ishirini na miwili," alisema. "Hapo hapo Malindi, njia ya Silversands. Nimewalelea watoto wao, nimewazikia mbwa wao. Mapishi yao nayajua, matusi yao nayajua, na wakinong'onezana mezani kunisema naelewa."

Rangi ilimtoka Lewa.

"Huyu baba ameliona buibui hili, akadhani masikio yangu hayavuki Shella. Amesema mbele yangu kama anasema mbele ya mbuzi." Alimgeukia Kahonzi. "Na wewe usinitazame kwa macho hayo. Sikupendi leo. Umechezea chokaa yangu na umesema uongo juu ya kaburi la wazee wangu. Lakini nakuuliza, kwa sababu mume ni wako. Nikilitoa nililolisikia, yeye analala ndani leo. Nikilimeza, unalala wewe. Nilitoe, nisilitoe?"

Kutoka barabarani lori la chumvi la Gongoni lilisikika likibadilisha gia.

Lewa alipiga hatua, mikono imeunganishwa kifuani, akamwomba kama alivyozoea kumwomba kila siku ya miaka minne.

"Mamake Easter, usimwache aseme. Tutazungumza nyumbani. Mamake Easter!"

Kahonzi alimtazama mtu yule. Alitafuta ndani yake mahali pa kumhurumia, na mahali hapo palikuwapo bado, hilo ndilo lililomuuma. Aliiweka kalamu chini juu ya kitabu.

"Litoe, Bi Ruqaiya."

"Amemwambia hivi." Bi Ruqaiya alifumba macho, kama anayesoma dua. "'Mwonyeshe kidole huyu dada yangu. Usiogope. Huyu ndiye anayemng'ang'ania mtoto wangu, ndiye anayetuzuia. Akishafungwa, tutasafiri Ijumaa na Easter bila tabu. Pasi ya mtoto iko tayari.'"

Bwana Twahir alimshika Lewa mkono, juu kidogo ya kovu. Lewa hakupinga. Alikuwa anamtazama Carla tu, akitikisa kichwa, usiulize, usiulize.

Lakini Carla alikuwa amekwisha kulishika neno moja alilolijua katika wito wa Lewa. Alilirudia polepole, akimtazama Kahonzi kuanzia kwenye mtandio mpaka kwenye vidole vyeupe vya chokaa.

"Mama ya Easter?" alisema. "Hapana. Mama ya Easter amekufa. Siku ya kuzaa. Lewa alinipeleka mimi kwa kaburi yake. Mimi niliweka maua. Nililia sana."

Kahonzi alimsogelea mpaka akainusa tena ile nazi ya mafuta yake, na kwa sauti ndogo kabisa, sauti ya mtu anayeuliza njia, akamuuliza:

"Alikuonyesha nimezikwa wapi?"